Wageni kutoka Shirati: niwapeleke Zürich, Emmental au Friesland?

Binti_Nyabange (Basel)
Wanajamvi, habari zenu. Mama na mjomba wanakuja mwezi wa tisa, viza zimeshatoka. Mjomba ni mzee wa kanisa, KMT (Kanisa la Mennonite Tanzania) Shirati, na tangu apate pasipoti ombi lake ni moja: aone walikotokea Waanabaptisti, wale Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga wakateswa kwa kubatiza watu wazima, waliozaa Wamennonite. Mama goti linamsumbua. Viza ya Schengen inaruhusu hata Uholanzi, ila pesa inatosha safari moja ya maana. Zürich, Emmental kule Bern, au Friesland ya Uholanzi alikozaliwa Menno Simons, ambaye Wamennonite wanaitwa kwa jina lake? Mliowahi kutembeza wazee, nishaurini.

Kando_ya_Limmat
Zürich, dada. Ni karibu, mnarudi kulala nyumbani. Neustadtgasse, jirani na kanisa la Grossmünster, ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yake Felix Manz, mmoja wa Waanabaptisti wa kwanza. Humo watu wazima walibatizana kwa mara ya kwanza, 21 Januari 1525. Halafu mteremke mtoni, mvuke daraja hadi Schipfe, kuna kibao cha kumbukumbu. Manz alizamishwa hapo 5 Januari 1527. Walimfunga mikono, wakaipitisha magotini, wakachomeka fimbo katikati asiweze kujikunjua, ndipo wakamtosa. Kibao kinamtaja yeye na wenzake watano, pia Hans Landis aliyeuawa mwaka 1614. Kimeandikwa Kijerumani, kwa hiyo msomee mjomba polepole.

Mwana_wa_Mara
Friesland ni tambarare, goti la mama litapumzika. Menno alikuwa padri Pingjum, kisha Witmarsum, mpaka alipoacha upadri mwaka 1536. Witmarsum kuna mnara wa kumbukumbu yake wa mwaka 1879, na Pingjum kuna kanisa la zamani la Wamennonite ambalo kwa nje utadhani ni nyumba ya kawaida. Lakini kutoka Basel ni siku nzima ya treni, halafu basi. Kama huna ndugu wa kuwapokea njiani, usiwachoshe wazee.

Mama_Bern
Mwanangu, nakuomba sana, usiiruke Emmental. Jina la kanisa letu ni la Menno, ndiyo, lakini walioileta injili hii Shirati mwaka 1934 walitoka Pennsylvania, na wengi wa watu wa kule ni uzao wa Waswisi waliofukuzwa huku, wakapitia Ujerumani, wakaanza kufika Lancaster mwaka 1710. Muulize mjomba kuhusu Elam Stauffer, mmoja wa wamisionari hao, hawezi kukosa kulijua jina hilo. Basi Stauffer ni jina la Emmental. Nendeni Eggiwil mkatazame majina kwenye visanduku vya barua.

Trub kuna shamba lenye maficho ghalani. Ubao wa sakafu unabenuka: mtu anaukanyaga, anatumbukia chini, ubao unarudi mahali pake, na wawindaji waliolipwa na serikali ya Bern kuwasaka Waanabaptisti wanapita juu yake. Baba yangu mkubwa alipouona alinyamaza, kisha akaomba tusali palepale. Zürich utaona mahali walipofia. Huku utaona walivyoishi, na hilo ndilo wazee wetu wanalolielewa upesi, maana nao ni wakulima.

Binti_Nyabange (Basel)
Asante mama, hilo la Stauffer litamfurahisha mno. Na goti? Nimesikia habari za ngome ya Trachselwald.

Mama_Bern
Mnara wa ngome hiyo, walimofungwa Waanabaptisti, una ngazi kali. Mama abaki uani na mtu wa kumpa kampani, mjomba apande. Trub kodisheni gari, basi za huko ni chache. Jumapili msali Langnau, usharika wa Wamennonite wa tangu enzi za mateso. Waandikieni mapema kwamba mna mzee kutoka Tanzania.

Kando_ya_Limmat
Kwa hoja hiyo ya Pennsylvania nakubali, Emmental itangulie. Mkitoka Langnau rudini kwa njia ya Luzern, mshuke Zürich saa mbili tatu, mfike mtoni. Tiketi ya siku nzima ukiinunua mapema mtandaoni bei inashuka sana.

Binti_Nyabange (Basel)
Basi ni Emmental, halafu Zürich wakati wa kurudi. Mama Bern, nitafute nyumba ya wageni yenye jiko? Mama bila ugali jioni hajala.

Mama_Bern
Tafuta Langnau kwenyewe, mtakuwa karibu na stesheni. Jumamosi mje kwangu mchana, sato nitampika mimi.