Yule wa dirisha la dawa leo kanivua nguo hadharani

Wakuu, ndiyo nimefika nyumbani, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Yule wa dirisha la dawa. Mnamjua, msijifanye. Yule ambaye hata akinong'ona anasikika barabarani, na bado wamempa kipaza sauti.

Nimekaa foleni mpaka benchi limenizoea. Zamu yangu inafika, anashika karatasi, anaisogeza mbali na macho: "WA BAWASIRI NI NANI?"

Wa bawasiri! Jina langu liko pale juu. Namba ya foleni ipo. Yeye kaona aite ugonjwa. Mtoto aliyekuwa analia tangu asubuhi akanyamaza ili asikie vizuri. Mimi nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono. Akarudia: "WA BAWASIRI, DAWA YAKO YA KUPAKA HII HAPA!"

Kiapo cha Hippocrates, kile cha madaktari, kina zaidi ya miaka 2,000 na siri ya mgonjwa imo. Leo tuna kompyuta na skrini ukutani, halafu natangazwa kama mali ya mnada! Nikasimama, ningefanyaje? Akamalizia kwa kipaza sauti hichohicho: "Na usikae chooni na simu." Hata mlinzi alicheka.

Sindano Butu: Pole mkuu. Swali dogo tu, uzi huu umeuandika umekaa au umesimama?

Bibi Foleni: Yaani kakutangaza kwa benchi moja, wewe ukaona haitoshi ukaja kututangazia na sisi 😂

Mleta uzi: Humu hamnijui sura! Pale alikuwepo mama mkwe. WA BAWASIRI NI NANI, na mama mkwe akageuka kunitazama.

Sindano Butu: Mama mkwe!!! Nimeanguka kwenye kiti.

Kidonge Kimoja: Acheni utani. Mkuu, kunywa maji ya kutosha, kula mboga na matunda, kalia beseni la maji ya uvuguvugu. Ukiona damu usikisie, rudi upimwe.

Mleta uzi: Nirudi wapi? Dirishani kwake?

Mpanda Ngazi: Afadhali yako. Mimi kanipima presha nahema kutoka kwenye ngazi, huku ananigombeza kwa kuchelewa. Ikasoma 160 kwa 100, nikaandikiwa dawa hapohapo. Presha unapumzishwa dakika 5 kwanza, huongei, mkono usawa wa moyo!

Bibi Foleni: Presha kitu gani. Mimi nikienda na mafua napewa antibayotiki. Mafua ni virusi, antibayotiki inaua bakteria! Fleming aliyeigundua penisilini alionya tangu 1945 kwamba dozi pungufu zitazalisha vijidudu sugu.

Kidonge Kimoja: Si mnaziomba wenyewe? Usipopewa unasema daktari hajui kazi.

Bibi Foleni: Nani kaomba? Nitajie siku.

Kidonge Kimoja: Na dozi hamalizi mtu. Mkipata nafuu, vidonge vinavyobaki mnamgawia jirani.

Mpanda Ngazi: Hapo kwa jirani umenigusa.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

Bibi Foleni: Mkuu fungua uzi wako, hapa tunajadili mafua.