MJADALA: Filamu zilizotafsiriwa na DJ zihifadhiwe, au ziachwe zife?

Mwenye mada, Mwanjelwa
Wakuu, kamwene, ndaga. Juzi nilikuwa kwenye basi la Iringa. Tulipopita Igurusi konda akaweka picha la Arnold Schwarzenegger, lile la 1985 la komandoo anayemfuata binti yake aliyetekwa, na juu yake sauti ya DJ anayetafsiri na kusimulia kwa Kiswahili. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akasimama: "Zima huo wizi!" Basi zima likagawanyika. Tunaingia Makambako watu bado wanabishana, na konda alishazima zamani akaweka kwaya.

Mimi niko upande wa konda. Nimekulia hapa Mwanjelwa, na Kiingereza chetu kilikuwa kile cha kumsalimia mwalimu tu. Kibanda umiza chetu, yaani kibanda cha kuonyeshea video, kilikuwa cha mabati, kiingilio shilingi hamsini. Mwezi wa saba unaingia umevaa sweta mbili, unatoka umelowa jasho. Humo ndani sikumpenda Arnold, nilimpenda yule aliyekuwa ananiambia Arnold anasema nini. DJ alitueleza kwamba wabaya wamemficha mtoto "huko ng'ambo, kama unavuka Ziwa Nyasa", tukaamini. Pale asipoelewa maneno alitunga yake, na steringi akiviziwa kwa nyuma, DJ ndiye aliyepiga kelele wa kwanza, sisi tukafuata.

Mwaka jana nikaitafuta filamu ileile kwenye simu. Picha safi kabisa, DJ hayupo. Dakika ishirini nikazima. Nilijiona kama nimeingia nyumba niliyokulia nikakuta wapangaji wengine.

Basi naomba tujadili: kanda zile za video zenye sauti ya DJ ni sanaa yetu, zitafutwe zitunzwe, au ni mali ya wizi?

Wa Gangilonga
Mkuu, mzee wa kwenye basi yuko sahihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kutafsiri, si haki ya kuuza nakala peke yake. Kuonyesha hadharani pia. Na tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, filamu ya kuonyeshwa kwa watu inahitaji kibali. Kibanda chenu cha mabati kilikuwa nacho?

Halafu fikiria msanii wa hapa nyumbani. Amekopa, amepiga filamu yake, ameiingiza sokoni. Pembeni yake kuna picha lililogharimu mamilioni ya dola, limeshatiwa Kiswahili, na aliyelitia Kiswahili hakulipia hata shilingi. Huyo msanii anashindana na nini?

Fundi deki, Sokomatola
Niliendesha deki ya video kibandani miaka minne, wacha niseme ninachokijua. Kanda zilizojaza watu zilikuwa za DJ Lufufu, jina lake Derek Gaspar Mukandala. Uganda walikuwa wameshaanza kazi hiyo kabla, lakini kwetu akisikika yeye, mabenchi hayatoshi.

Wengi mnadhani ni kuropoka tu. Kulikuwa na deki mbili, moja inacheza na nyingine inarekodi, katikati mixa na maikrofoni. DJ akiongea anashusha sauti ya filamu, akinyamaza anaipandisha. Ndiyo maana bunduki mnazisikia vizuri lakini maneno ya Mzungu hamyasikii. Mtu mmoja anakuwa baba, mtoto, jambazi na bibi kizee, na bado anakueleza kwa nini jambazi kakasirika. Mjaribu nyumbani muone.

Tatizo lilikuwa nakala. Inatoka Dar nakala ya nakala, ikifika Mbeya uso wa steringi ni wa kijani. Chenga zikianza natoa kanda, nafuta kichwa cha deki kwa kitambaa na spiriti, watu wanapiga mabenchi. Umeme ukikatika narudisha nusu ya kiingilio. (Wengine walidai yote. Hawakupata.)

Na kuhusu kuua filamu zetu, sikubali. Za Kanumba, mwigizaji wetu, nilikuwa naweka Jumapili na nilijaza vilevile. Watu walikuwa wameshazoea kusikia Kiswahili kwenye skrini, na aliyewazoesha ni DJ.

Mwalimu, Njombe
Siku ya gulio darasa langu lilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye vibanda kama chako, fundi.

Fundi deki, Sokomatola
Hapo mwalimu sina la kujitetea. Shikamoo.

Dada wa Tukuyu
Kaka zangu, mnasema "utoto wetu" utadhani wote tulikuwa ndani. Msichana akionekana kibandani, habari inafika nyumbani kabla yake. Mimi nilikuwa nachoma mahindi pale nje. Spika moja walikuwa wanaitundika mlangoni kuvuta wateja, kwa hiyo filamu zote nilizijua kwa masikio. Huyo Arnold nimekuja kumwona sura nikiwa na watoto wawili, nikashangaa. Kichwani kwangu alikuwa mrefu mwembamba kama mjomba wangu.

Kwangu mimi picha haikuwepo, alikuwepo DJ tu. Sasa mtaniambia niliiba nini na kwa nani?

Na tamthilia je? Jioni tulijazana kwa jirani mwenye televisheni kuangalia Isidingo ya Afrika Kusini kwenye ITV. Karibu yote Kiingereza. Binti wa nyumba ile aliyekuwa sekondari anatutafsiria, na akimchukia mhusika anampa maneno mabaya makusudi. Niligundua baadaye sana. Ningeipata sauti yake ile leo ningelipa.

Wa Gangilonga
Dada, umenichekesha, lakini njia halali ipo. Mwaka 2011 TBC walirusha tamthilia ya China ya Doudou na mama wakwe zake, imetiwa sauti za Kiswahili kwa makubaliano na wenyewe. Hata Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Hakuna aliyeibiwa.

Fundi deki, Sokomatola
Niliiangalia. Kiswahili kimenyooka. Benchi halikupigwa hata mara moja.

Mwenye mada, Mwanjelwa
Mkuu wa Gangilonga, nakupa nusu. Kwenye basi, abiria amelipa nauli na konda anapata wateja kwa jasho la mtu, hapo mzee alikuwa na haki. Sitetei kuuza wala kuonyesha. Lakini kuacha zife ni jambo jingine. Filamu za Arnold hazipotei, Marekani wanazo. Sauti ya DJ iko kwenye kanda ile tu, na huku kwetu mvua na ukungu wa miezi mingi zinaota kuvu kabatini. Mimi sina hata moja. Kuna mwenye nazo?

Wa Gangilonga
Kutunza tu, bila kuuza? Hapo siwezi kukukatalia. Ila andikeni kila kanda ni sauti ya nani na filamu ya nani. Wote wawili.

Wa Mafinga
Kamwene. Nasoma tu tangu asubuhi. Ninazo kumi na moja chini ya kitanda, za marehemu kaka. Tatu zina unga mweupe kwenye utepe. Deki ninayo, nizijaribu?

Fundi deki, Sokomatola
USIJARIBU! Huo unga ni kuvu, unahamia kwenye kichwa cha deki na kanda nzima nane zilizobaki zitaupata hapo. Hizo tatu zitenge, zifunge mfuko wa peke yake. Tuma zote kwa basi la kesho, ila mwambie konda azikalishe kitini, siyo kwenye buti.

Wa Mafinga
Konda yupi, yule wa kwaya?