Naomba ushauri: nichukue kadi ya pili ya mkopo nilipie ya kwanza?

MamaWawili_Olasiti (29 Septemba, saa 5:20 usiku)

Wakuu salaam. Naandika usiku huu kwa sababu usingizi hauji.

Nafanya kazi ofisi ya utalii hapa Arusha, upande wa kupokea oda za wageni. Mwaka jana benki inayopitisha mshahara wangu ilinipa kadi ya mkopo, ukomo wake milioni 3 na nusu. Sio kadi ile ya kutolea hela yako mwenyewe. Hii unatumia hela ya benki halafu unarudisha. Februari nilipata dharura ya kifamilia nikatoa milioni 2 kwenye ATM, mara hiyo moja tu. Tangu Machi nalipa 150,000 kila tarehe 28, sijakosa hata mwezi mmoja. Jana nimelipa ya saba. Leo nimefungua taarifa ya kadi, deni linasoma 3,100,000.

Nalipa na deni linapanda! Sasa kuna benki nyingine iko tayari kunipa kadi ya milioni 3. Nataka nitoe huko, nilipe huku, nianze upya. Swali langu ni hilo tu: kuna aliyewahi kufanya hivi? Naomba tusitukanane.

Kijana_Sakina

Dada chukua mkasi, ikate vipande. Mimi hela yangu iko kwenye simu, ikiisha imeisha, nalala. Hivi vitu vya wazungu wanavitumia kwa sababu wana mishahara ya kizungu.

Mzee_wa_Kiborloni

Mwanangu, nimesoma kwa huzuni. Baba yangu alikuwa na shamba la kahawa Old Moshi. Alikuwa anachukua sukari, mafuta ya taa na chumvi dukani kwa daftari, anasubiri malipo ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Yale malipo ya pili yakitoka, mwenye duka alikuwa anajua siku kabla ya mama yetu kujua. Baba alikuwa anatoka ofisi ya ushirika moja kwa moja hadi dukani, anarudi nyumbani na kilo mbili za nyama na karatasi iliyoandikwa "imelipwa". Mama hakuwahi kuuliza. Nakumbuka siku moja tu ambapo hakuleta nyama, na siku hiyo hakuna mtu aliyezungumza wakati wa kula. Vijana wa sasa mmepewa daftari la plastiki, hamuoni hata mwandiko wa anayewadai.

DerevaWaNjia_Karatu

Shikamoo mzee. Ila kadi yenyewe haina kosa. Mimi ninayo mwaka wa tatu. Julai niko na wageni, springi ikakatika kabla hatujafika geti la Loduare. Karatu nikanunua springi na kulipa fundi, jumla 700,000, nikachanja kadi. Kampuni wakanirudishia baada ya wiki tatu, nikalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho. Riba sifuri. Siri ni kwamba ukinunua kitu na ukalipa deni LOTE kwa tarehe, unapewa siku za bure. Ukilipa kidogo kidogo, siku za bure hazipo.

Na kutoa taslimu ATM ni habari nyingine kabisa. Unakatwa ada palepale na riba inaanza siku hiyohiyo, hakuna siku za bure. Wageni wangu wengi wanalijua hili, wakifika mjini wanatoa taslimu kwa kadi ya kawaida, ile ya mkopo wanaiweka kwa ajili ya hoteli. Dada, wewe ulianza na mlango mbaya.

BintiUru

Dada pole sana. Nina swali moja. Una deni la milioni 3 na mshahara ndio huohuo. Hiyo benki ya pili inakupa kadi kwa dhamana gani?

MamaWawili_Olasiti

Ahsanteni wote. @DerevaWaNjia_Karatu kweli hilo la siku za bure sikulijua, nilidhani ni sawa kote. @BintiUru dhamana sio tatizo, ipo. Riba yao wamesema iko chini kidogo. Ninachouliza ni kama benki ya kwanza wanaweza kukataa kulipwa kwa mkupuo.

BintiUru

Hakuna benki inayokataa kulipwa dada. Dhamana gani?

MamaWawili_Olasiti (30 Septemba, saa 2:05 asubuhi)

Sikutaka kulileta hapa, ila sawa.

Kuna milioni 3 tumeweka akiba mimi na mume wangu. Ni ya bati. Tunajenga kwao Kibosho, boma limesimama tangu mwaka juzi, na tumepanga Desemba tukipanda nyumbani tulale kwetu, tusigawanywe tena vyumba vya shemeji. Akaunti iko kwa jina langu. Hiyo benki ya pili inafungia hizo milioni 3 kama amana, halafu inanipa kadi yenye ukomo uleule.

Mume wangu hajui kuhusu kadi, hata hii ya kwanza.

Kabla hamjanirukia: hela ya bati HAIGUSWI. Inakaa palepale, akitaka kuona salio anaiona. Fomu nimeshasaini Ijumaa, wamesema wiki ijayo. Kwa hiyo nauliza kuhusu kulipa tu.

Mhasibu_Mstaafu_Moshi

Haiguswi vipi binti yangu? Amana iliyofungiwa ndiyo imeguswa. Oktoba hii baba watoto akisema twende tukanunue bati, utamwambia nini?

Pia fikiri. Una milioni 3 mkononi na deni la milioni 3. Unataka kuifungia hela yako benki ili upate ruhusa ya kukopa kiasi kilekile na kukilipia riba. Ukishindwa, wanachukua amana. Utakuwa umelipa deni kwa hela ya bati vilevile, lakini baada ya kulipa riba ya mwaka mzima juu yake.

MamaWawili_Olasiti

Mzee wangu, nimelifikiria hilo. Nitamwambia bati zimepanda, tusubiri Januari. Kufikia Januari bonasi ya msimu wa wageni itakuwa imetoka. Nikilipa deni leo kwa hela ya bati, kesho akifungua simu ataona sifuri. Nikifungia, ataona milioni 3. Mnaongea kama hamjawahi kuishi na mtu.

Fundi_Paa_Majengo

Tukiacha hayo, mnapaua kwa geji ngapi? Kibosho upepo na mvua, msidanganywe na bati la geji 30, chukueni 28, ndiyo nene. Na mngepaua kabla ya vuli kukolea, mbao za kenchi zikilowa sana zinapinda.

Kijana_Sakina

Fundi umekuja kutafuta tenda kwenye msiba 😂

HesabuKali (30 Septemba, saa 4:40 usiku)

Wadau, mimi hii nasema ni chai.

Nimechukua kalamu. Ametoa milioni 2 mara moja. Tuseme ada ya kutoa ni asilimia 4, deni linaanzia 2,080,000. Tuseme riba ni kubwa kabisa, asilimia 3 kwa mwezi. Analipa 150,000 mara saba. Mwezi wa kwanza inashuka hadi 1,992,400, wa pili 1,902,172, endeleeni wenyewe. Baada ya malipo ya saba deni linatakiwa kuwa 1,408,000 na ushee. Yeye anasema 3,100,000. Milioni 1.7 imetoka wapi? Hakuna riba ya benki inayofanya hivyo. ID yenyewe ina siku mbili humu. Habari za bati na shemeji ni kututoa machozi.

Ngaramtoni_Juu

Nilihisi. Inawezekana ni afisa masoko wa benki anapima kama watu wanataka kadi za amana.

Kijana_Sakina

Aisee na mimi nilishaanza kumwonea huruma. Moderator funga uzi.

BintiUru

Mnaharakisha. Mtu akidanganya hesabu haina maana amebuni maisha yake. Mimi nimekaa na dada wa kazi aliyekuwa anasema anadaiwa laki tatu, kumbe ni laki tisa. Watu hutaja deni kwa vipande.

Mzee_wa_Kiborloni

Hata baba alikuwa akisema "ni kilo mbili tu za sukari".

MamaWawili_Olasiti (1 Oktoba, saa 11:50 alfajiri)

Nimelia. Sio kwa sababu mmeniita mwongo. Nimelia kwa sababu @HesabuKali amepiga hesabu ambayo mimi miezi saba nimeikwepa.

Nimechapisha taarifa yote ya kadi, iko mbele yangu. Ada ni asilimia 4 na riba ni asilimia 3, umepatia. Lakini sikutoa mara moja. Tarehe 28 nalipa 150,000. Tarehe 3 naenda ATM ya Kijenge naitoa tena, 150,000 ileile, kwa sababu nikishalipa, nyumbani hakuna kitu. Nimefanya hivyo tangu Aprili, mara sita. Julai friji ilikufa, nikanunua nyingine kwa kadi, 600,000. Hiyo sikuihesabu kama deni kwa sababu friji naiona.

Na ile dharura: mdogo wangu wa kiume yuko Moshi. Alikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, wakaja kuchukua pikipiki aliyopewa kwa mkataba. Milioni 2 ilienda kuikomboa. Hadi leo namtumia 70,000 kila mwezi kwenye ile 150,000 ninayoitoa. Mume wangu alishasema waziwazi mdogo wangu asipewe tena hela ya nyumba hii. Ndio maana hajui.

Sijabuni. Natamani ningekuwa nimebuni.

HesabuKali

Dada, naomba radhi mbele ya wote.

Nimerudia na takwimu zako. Milioni 2, mara sita za 150,000, friji ya Julai. Inafunga kwenye 3,103,000. Ina maana ulichochukua kweli ni milioni 3 na nusu, umerudisha 1,050,000, na riba na makato yamekula kama 650,000. Malipo yako saba, zaidi ya manne yameliwa yote na riba na ada.

Sasa sikiliza hili. Kwa deni la leo riba ni 93,000 kwa mwezi. Ukiendelea kulipa 150,000 na USITOE tarehe 3, utamaliza kwa miezi 33. Ukilipa 300,000, miezi 13. Ukiendelea kutoa, hutamaliza kabisa. Kadi ya pili haigusi hata kimoja kati ya hivi.

Ngaramtoni_Juu

Na mimi samahani. Kuhusu mdogo wako: huyo mkopeshaji ana leseni? Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana za watu, Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kausha damu wanaenda hata 30. Na kama ameanza kukopa kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Mwulize kabla hujamtumia 70,000 nyingine. Mke wangu alikuwa analipia shimo la kaka yake mwaka mzima, kumbe kaka anakopa huku kulipa kule. Kama wewe na kadi zako.

MamaWawili_Olasiti

Hiyo ya mwisho imeniuma, lakini sawa.

Mhasibu_Mstaafu_Moshi

Binti, fomu iliyosainiwa Ijumaa bado ni karatasi. Kama amana haijafungwa, nenda kesho asubuhi uandike barua ya kusitisha, wakugongee mhuri nakala yako. Benki yako ya kwanza omba wakupe mkopo wa mshahara wa kulipa kadi. Mara nyingi riba yake iko chini ya nusu ya hiyo, na una tarehe ya kuisha. Waombe washushe na ukomo wa kadi wasikuachie mlango. Usichelewe malipo hata siku moja, maana taarifa za mikopo zinakusanywa, na ukichelewa benki zote zitaona.

Suala la mume sina utaalamu nalo. Mimi nilikuja kumwambia wangu baada ya miaka miwili, na kilichomkasirisha zaidi ilikuwa ile miaka miwili.

BintiUru

Mwambie dada. Sio kwa simu, na sio watoto wakiwa macho.

MamaWawili_Olasiti (4 Oktoba, saa 1:30 usiku)

Narudi kuwapa mrejesho.

Juzi nimekwenda, amana ilikuwa bado haijafungwa. Barua wameipokea, nakala yenye mhuri ninayo. Benki ya kwanza wamechukua maombi ya mkopo wa mshahara, wamesema siku kumi. Mdogo wangu nimempigia, nimemwambia mwezi huu sitatuma. Alikaa kimya, halafu akakata. Sijui kama atapiga tena.

Mume wangu bado. Jumamosi anapanda Kibosho kupima paa na fundi. Nimemwambia nitakwenda naye, watoto wabaki kwa bibi yao. Tutakuwa sisi wawili kwenye gari kwenda na kurudi.

Fundi_Paa_Majengo

Apime na mwinuko wa paa, asisahau.

HesabuKali

Dada, hongera kwa ulipofika. Ila hujasema kitu kimoja. Jana ilikuwa tarehe 3.

MamaWawili_Olasiti

Nilifika hadi Kijenge. Nikasimama kwenye foleni, mbele yangu kulikuwa na watu wawili. Nikatoka, nikanunua mchicha na dagaa kwa hela niliyokuwa nayo, nikapanda daladala.

Sijatoa.