Utawala wa Zia-ul-Haq Pakistan: wanaoujua, tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, jeshi lilichukua nchi 5 Julai 1977 likaahidi uchaguzi ndani ya siku 90. Ukafanyika 1985, tena bila vyama. Jenerali Zia aliwezaje? Naomba mambo yenyewe, si porojo.

Wakili wa Pwani: Anza na mahakama. Novemba 1977 Mahakama ya Juu ilihalalisha mapinduzi kwa hoja ya "ulazima", ikamruhusu jenerali hata kurekebisha katiba. Bhutto, waziri mkuu aliyepinduliwa, alinyongwa 4 Aprili 1979 baada ya majaji wanne kukataa rufaa yake na watatu kuikubali. Machi 1981 majaji wakatakiwa kuapa upya. Asiyeapa, kazi hana. (Wanasheria wa Uganda wanaijua njia hii ya mahakama kuhalalisha mapinduzi: kesi yao ya Matovu iliegemea hukumu ya Dosso ya Pakistan, 1958.)

Ummu Salma: Mimi nagusa Amri za Hudud (sheria za adhabu za Kiislamu) za Februari 1979, maana hapo ndipo wanawake walipoumizwa. Adhabu ya hadd, yaani ile iliyowekwa na dini, kwa zinaa ilitaka mtu akiri, au mashahidi wanne, wanaume Waislamu, walioliona tendo lenyewe. Katika fiqhi (elimu ya sheria ya Kiislamu) sharti hilo ni kinga ili mtu asisingiziwe. Lakini ubakaji nao uliingizwa kwenye amri hiyo hiyo. Mwanamke akishtaki kabakwa na asithibitishe, mimba yake inageuka ushahidi dhidi yake, anafungwa kwa taazir, adhabu ya chini ya hadd, ambayo haikuhitaji mashahidi wanne. Mwaka 1983 msichana asiyeona vizuri alihukumiwa kifungo cha miaka 3 na viboko 15, aliyeshtakiwa kumbaka akaachiwa. Kelele zilipozidi, Mahakama ya Sharia ya Shirikisho ikafuta hukumu. Sheria yenyewe ikakaa hadi 2006 ndipo ubakaji ukarudishwa kwenye kanuni ya adhabu.

Mhasibu: Zaka pia. Kuanzia 1980 benki zilikata asilimia 2.5 ya akiba kila mwanzo wa Ramadhani. Watu wakawa wanatoa pesa mapema. Mashia waliandamana Islamabad mwezi Julai hadi wakaruhusiwa kujitoa.

Wakili wa Pwani: Naongezea kura ya maoni ya Desemba 1984. Swali liliuliza kama unaunga mkono sheria zifuate Uislamu. Ukijibu "ndiyo", umempa Zia urais miaka mitano. Mwislamu gani angeandika "hapana"? Serikali ikatangaza ndiyo zaidi ya asilimia 97. Kabla ya kuondoa utawala wa kijeshi Desemba 1985 akaweka kifungu cha 58(2)(b), rais avunje bunge apendavyo. Kilitumika 1988, 1990, 1993 na 1996.