Miaka 21 ya marufuku ya kugeuza propela angani, na bado tunazungushwa

Wakuu, huu ni uzi wa hasira, asiyetaka makelele apite pembeni. Nazungumzia sheria ya Marekani ya ndege nyepesi za michezo, LSA, na kipengele kimoja tu cha propela kilichowafanya watu wanunue injini ya farasi 100 halafu waruke na farasi 85.

Tangu Septemba 2004 sheria ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilisema hivi, kwa Kiswahili cha fundi: ndege ya injini, ukiacha glaida za injini, propela yake iwe ya pembe moja isiyobadilika (pembe ni jinsi panga lilivyoinama kukata hewa) au ya kurekebishwa ndege ikiwa chini. Ulegeze bolti, ugeuze mapanga, ukaze: ruksa. Mapanga hayo hayo yageuzwe hewani kwa swichi au kwa gavana (kifaa kinachogeuza pembe chenyewe ili mizunguko isibadilike): ndege haikuwa LSA tena, na rubani wa leseni ya michezo hakuruhusiwa kuirusha.

Sasa hesabu, ili asitokee mtu wa kusema tunalalamika hewani. Injini yenyewe, Rotax 912 ULS, inatoa farasi 100 kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika, na hapo inaruhusiwa dakika 5 tu. Baada ya hapo mwisho ni 5,500. Giaboksi yake inagawa mizunguko kwa 2.43, kwa hiyo injini ikiwa 5,800 propela yenyewe inazunguka kama 2,390. Ukiweka pembe ndogo, injini inapanda upesi, ndege inaachia ranwei mapema na kupanda vizuri. Ukishanyoosha pua uanze safari, panga linakosa mzigo, mizunguko inavuka 5,500, unarudisha throtoli nyuma. Nguvu unayo na huwezi kuitumia. Ukiweka pembe kubwa, safari inakuwa tamu, ila pale mwanzo wa ranwei throtoli yote inakupa 4,800, na kwenye mizunguko hiyo injini inatoa kama farasi 85. Yaani umenyimwa nguvu kwenye sekunde zile ambazo miti iko mbele yako.

Kuna wanaojibu, "si urekebishe chini tu?" Hao hawajawahi kushika spana. Unazima swichi zote mbili za moto na kuchomoa plagi za juu ili injini isije ikakushtukia. Ndege unaiweka usawa, panga la kwanza linakaa mlalo, unalegeza bolti za kitovu mpaka panga ligeuke kwa mkono bila kuchezacheza. Kipimapembe cha dijitali unakiweka kwenye alama ile ile kwa kila panga, kwa sababu panga limesokotwa: pembe ya shinani si ya nchani, na ukihama sentimita 5 tu namba yako haina maana. Mapanga yote yalingane ndani ya digrii 0.2. Halafu unakaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa namba ya mtengenezaji. Kama kitabu kinasema uzi uwe mkavu, uwe mkavu (uzi wa bolti, siyo huu). Ukipaka mafuta, spana itasoma namba ile ile huku bolti ikiwa imevutika kupita kiasi.

Hujamaliza. Funga mkia, weka vizuizi kwenye matairi, pasha oili ifike angalau digrii 50, kisha throtoli yote na usome mizunguko. Wengi tunatafuta 5,000 hadi 5,200 ndege ikiwa imefungwa, ili hewani ikinyooka na throtoli yote ifike 5,500 na kitu. Digrii moja ya pembe kwa kawaida inahamisha mizunguko 200 hadi 300, kwa hiyo kupatia mara ya kwanza ni bahati. Nusu siku imekwenda. Baada ya saa ya kwanza hewani unakagua tena ukazaji. Ukisikia mtetemo usikimbilie kulaumu kabureta: kabureta zisipolingana mtetemo unakuwa mkali kwenye mizunguko ya chini, ila pembe zikitofautiana mtetemo unakua kadiri unavyoongeza throtoli.

Na kazi yote hiyo inafaa hali moja tu ya hewa. Nenda Leadville, Colorado, uwanja uko futi 9,934. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo hapo karibu asilimia 30 hauna. Jamaa wanaoruka Wilson, Nairobi, kwenye futi 5,500 hivi, hawahitaji kuelezwa. Ndipo unapotaka mapanga yakae kwenye pembe ndogo, na ndipo sheria ilipokwambia ungefanya hivyo nyumbani kabla hujaondoka.

Utetezi uliokuwa ukitolewa ni kwamba ndege hizi ziwe rahisi, kwa kuwa rubani wa michezo anaweza kupata leseni kwa saa 20. Sawa. Lakini urahisi ulishawekewa uzio: kilo 600 kwa ndege ya nchi kavu na 650 kwa ya majini, watu 2, mwendo usizidi noti 120 (maili za baharini kwa saa), na mabawa yaendelee kubeba hata mwendo ukishuka mpaka noti 45. Propela haikuweza kuruka uzio huo hata ingetaka. Ilichoweza ni kufupisha ranwei.

Kinachoniudhi zaidi ni upande wa pili. Rubani wa leseni binafsi ili ahitaji saini ya mwalimu ya "ndege changamano", ndege iwe na vitu vitatu kwa pamoja: magurudumu ya kukunja, flapu, na propela ya kugeuzwa. Cessna 177B Cardinal ina farasi 180, propela ya gavana, magurudumu yasiyokunjwa. Haihitaji saini ya uchangamano, wala ya nguvu kubwa kwa kuwa haijavuka 200. Anaingia na kuondoka. Wa michezo, mwenye kindege cha kilo 600, hakuruhusiwa.

Glaida za injini nazo? Ziliruhusiwa propela ya kulaza mapanga, yaani kuyageuza yawe sambamba na upepo injini ikizimwa, yasiivute ndege nyuma. Mwanzoni sheria ilitaka yajilaze yenyewe, 2010 wakaondoa sharti hilo. Kwa hiyo kugeuza panga hewani kutoka kwenye kazi hadi kulala kabisa ni salama, kulisimamisha katikati ndiyo hatari. Mwenye akili anieleze.

Sitaki kuwa mwongo: hatari zipo. Mtu anasahau pembe kubwa, anaahirisha kutua, anasukuma throtoli na ndege haipandi. Au anafungulia throtoli yote huku gavana imeshika mizunguko chini ya 5,200, jambo ambalo Rotax wanasema liepukwe, maana injini inabebeshwa kama baiskeli ya gia nzito mlimani. Lakini hayo yanafundishwa mchana mmoja. Sukuma mkono wa propela mbele kwanza (pembe ndogo), throtoli baadaye. Ukipunguza, throtoli kwanza. Hakuna cha ajabu hapo.

Haya, Julai 2025 ikatangazwa kule Oshkosh, kwenye maonyesho makubwa ya ndege ya Marekani, sheria mpya ya FAA, MOSAIC. Upande wa marubani ulianza 22 Oktoba 2025: wa michezo anaruhusiwa propela ya kugeuzwa hewani, akipata mafunzo na saini ya mwalimu kwenye logibuku (daftari la kumbukumbu). Upande wa vyeti vya ndege ukapewa tarehe 24 Julai 2026. Yaani miezi tisa kati ya kufunguliwa leseni na kufunguliwa kiwanda. Na angalia kichekesho: wa michezo anadaiwa saini ya propela peke yake, yule wa Cardinal hadaiwi.

NYONGEZA, maana maswali yamekuwa mengi:

Mkuu uliyeuliza kama unaweza sasa kufunga propela ya umeme kwenye ndege uliyonunua ikiwa imekamilika kiwandani: hapana, si kwa uamuzi wako. Ndege yenye cheti maalumu cha LSA haibadilishwi bila idhini ya mtengenezaji, au ya mtu anayekubalika kwa FAA. Mtengenezaji akikataa, au akiwa alishafunga duka, njia iliyozoeleka ni kuihamishia kwenye cheti cha majaribio, na hapo sahau kuikodisha. Shule ya urubani haiwezi kukubali hilo.

Wa gavana ya mafuta, soma kwanza kibati cha injini. 912 ULS inayoishia na 2 ni ya propela ya pembe moja, inayoishia na 3 ndiyo iliyoandaliwa kwa gavana ya haidroli. Mwenye 2 asidanganywe kwamba ni suala la kununua gavana na mpira wa oili. Kinachomfaa ni propela ya umeme, na hiyo ina brashi zinazopeleka umeme kwenye kitovu, zinaisha, zikaguliwe. Kwa vyovyote utahitaji geji ya presha ya manifoldi (presha ya hewa inayoingia kwenye injini), bila hiyo unaendesha kwa kubahatisha. Kitovu kipya ni kizito na kinakaa puani kabisa, kwa hiyo pima upya uzito na mizani kabla ya kuruka.

Na anayetafuta ndege ya zamani iliyouzwa kama LSA chini ya sheria ya 2004: ile sheria ilisema "tangu cheti chake cha kwanza imeendelea kutimiza" masharti. Ndege iliyowahi kufungwa propela ya kujigeuza, mfano Aeromatic ya miaka ya 1940, ilipoteza sifa, na kurudisha ya mbao hakukuirudishia. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ilikuwa LSA siku zote", usiangalie propela iliyopo puani. Omba logibuku ya propela tangu ukurasa wa kwanza, na kama kuna kurasa zimechanwa, shusha bei au ondoka.