Msaada: mkuu wa polisi Uingereza karne ya 19 aliteuliwa na nani?

Mpekuzi: Wakuu, naandika sura ya tasnifu kuhusu polisi wa Uingereza, 1829 hadi 1888. Kitabu kimoja kinasema mkuu wao aliteuliwa na serikali, kingine mahakimu, kingine mji. Nifuate kipi?

Kitongoji: Vyote mkuu, kila kimoja kinazungumzia kikosi chake. IGP wa nchi nzima hakuwepo, kwa hiyo futa kabisa "mkuu wa polisi wa Uingereza".

Anza na London. Sheria ya 1829 ya Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani, ilimpa mfalme kuteua watu wawili wa kuongoza polisi wa London: Charles Rowan, mwanajeshi, na Richard Mayne, mwanasheria. Walipewa uhakimu, lakini wakakatazwa kuketi kwenye vikao vya mahakimu vya kila robo mwaka. Kanuni za kikosi walizitunga wao, zikapitishwa na Waziri wa Mambo ya Ndani. Askari mkorofi walimfukuza wenyewe. Ila fedha hawakuzishika! Kulikuwa na mshika fedha wa kikosi, naye mteule wa mfalme. Usipomtaja huyo, utawapa mamlaka wasiyokuwa nayo. Tangu 1856 akabaki mkuu mmoja, yaani Kamishna, na wasaidizi wawili.

Nyaraka: Naongezea mikoani. Kwenye kaunti, sheria ya 1839: mahakimu walimteua mkuu, Waziri akaidhinisha. Akishaingia alikuwa na nguvu sana. Aliajiri askari kwa idhini ya mahakimu wawili, lakini kuwafukuza kulikuwa kwa hiari yake.

Mijini ni kinyume. Sheria ya 1835 iliipa kamati ya ulinzi ya halmashauri kuajiri na kufukuza, hivyo mkuu wa polisi alikuwa mtumishi wa madiwani. Wanafunzi wengi huchanganya hapa, wakampa mkuu wa mji nguvu za mwenzake wa kaunti.

Mpekuzi: Asanteni sana. Kamishna wa London je, aliweza kumkaidi Waziri?

Kitongoji: Tumia mfano wa Charles Warren, Kamishna wa London. 1888 alichapisha makala jaridani bila kibali cha wizara, akakemewa, akajiuzulu Novemba.

Nyaraka: Na City of London, eneo dogo la katikati ya London lenye utawala wake, iweke pembeni, ndugu. Tangu 1839 ina Kamishna wake, anayechaguliwa na baraza la City kwa idhini ya mfalme au malkia. Ndiyo maana katika mauaji ya Jack the Ripper ya 1888, yale ya Mitre Square yaliangukia kikosi cha City, wakati mengine ya Whitechapel yalikuwa mikononi mwa watu wa Warren.