Mgombea ubunge: achaguliwe na wajumbe au wanachama wote? Naomba ushauri

Katibu_Tawi: Wakuu, habari za leo. Chama kimetaka matawi yatoe maoni: mgombea apitishwe na mkutano wa wajumbe wa jimbo, au wanachama wote wapige kura za maoni? Wazee wetu wanasema mkutano una gharama ndogo na nidhamu. Mimi nahofia watu wachache kuamulia jimbo zima. Kikao ni Jumamosi, nishaurini.

Feri_Kwetu: Mkuu, tazama CCM. 2015 wanachama walipiga kura matawini. 2020 wakapiga wajumbe. Hapa Kigamboni Ndugulile alipata kura 190, Makonda 122. Simtuhumu mtu, lakini wajumbe hao ni watu wa kuenea ukumbi mmoja, na wanajulikana kwa majina na namba za simu. Mwenye fedha ana haja gani ya kuzunguka kata zote?

Dada_wa_Utah: Huku jimbo la Utah, Marekani, ninakoishi, chama cha Republican kina njia mbili: upite kwa wajumbe, au ukusanye saini za wapiga kura uingie kwenye mchujo, yaani kura ya wanachama wote. Aprili 2024 wajumbe walimzomea gavana Spencer Cox, wakampa mpinzani wake Phil Lyman zaidi ya theluthi mbili ya kura. Juni wanachama wakamchagua Cox. Mitt Romney naye, akiwania useneta 2018, alishindwa mkutanoni, akashinda mchujo kwa kishindo. Mjumbe ni mtu mwenye muda na msimamo mkali, si lazima afanane na jirani yake.

Mzee_Kikoti: Msiudharau mkutano. Kura ya wote bila daftari safi ni vurugu tupu: kadi zinagawiwa usiku, asubuhi wa chama kingine wako kwenye foleni. Jubilee kule Kenya ilifuta mchujo wa 21 Aprili 2017 siku hiyohiyo, karatasi za kura zilipungua na fujo zikazuka.

Katibu_Tawi: Shikamoo mzee. Daftari letu kwa kweli ni bovu, lina hadi marehemu.

Mzee_Kikoti: Marahaba. Basi anzeni hapo. Libandikweni ukutani, watu wapinge majina mapema.

Feri_Kwetu: Na ulizeni nani ana neno la mwisho. 2020 wapo walioongoza kura za maoni CCM, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama ikateua wengine. Aliyeongoza akikatwa, tawi lipewe sababu kwa maandishi.

Katibu_Tawi: Nayaandika yote mawili. Kura iwe ya wanachama wote, ila daftari lihakikiwe kwanza. Asanteni sana.